Mikono Kwenye Kioo cha Pikipiki

Juzi nilikuwa nimesimama kando ya barabara hapa Kitale, karibu na soko, nikingoja mvua ipungue, pikipiki moja ikasimama mbele yangu kushusha abiria. Juu ya tangi, mbele ya dereva, kulikuwa na mtoto wa kike, wa darasa la pili hivi kwa kumkadiria, naye alikuwa ameweka viganja vyake viwili kwenye kioo cha mbele. Labda alikuwa anacheza tu. Labda alikuwa anachora kwa pumzi yake, kama watoto wanavyofanya kioo kikiingia ukungu. Lakini mimi mikono yangu iliinuka yenyewe, viganja mbele, kama yake. Mama aliyekuwa ananiuzia ndizi akaniuliza, "Kwani umeona nini, dada?" Nikamwambia si kitu, nikachukua ndizi zangu nikaondoka hata kabla mvua haijaisha.

Wewe nitakuambia niliona nini. Wewe tunajuana, na najua hutaniambia ati niache mambo ya zamani.

Tulikuwa tunakaa hapa hapa Kitale, nyumba ya kupanga kule pembeni, pale nyumba zinapoishia na mahindi yanapoanzia. Baba aliuza mitumba. Hakuwa na duka, alizunguka na siku za soko: leo Kachibora, kesho kutwa Suam mpakani, siku nyingine Misikhu kule Bungoma, ambako ndiko kwao na ndiko nyanya yetu alikuwa anaishi. Mama alibaki nyumbani akichambua nguo, akishona vifungo vilivyotoka na kupiga pasi mashati yaliyokuja na mikunjo ya safari. Baba alifunga furushi nyuma ya pikipiki, akatoka kabla jua halijachomoza. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu na yalitulisha vizuri tu.

Sasa, baba alikuwa mtu wa haraka. Sijui nikuelezeje. Alikula haraka, aliongea haraka, hata tukisali Baba Yetu jioni, sisi tukiwa bado kwa mkate wetu wa kila siku yeye alishafika amina na anatungoja. Mama alimwambia, "Baba watoto, Mungu haendi popote." Baba akacheka, akachukua kofia, akatoka. Na jinsi alivyokula na kusali, ndivyo alivyoendesha pikipiki.

Mwaka mmoja wakati wa baridi ile ya Julai kifua kilimshika. Wewe unaijua baridi ya asubuhi ya Kitale, ile ya kukufanya useme maneno nusu. Alilazwa, akarudi nyumbani amekonda mpaka shati likamning'inia, na daktari alikuwa amemwambia mbele ya mama kwamba upepo ukimpiga tena kifuani asubuhi namna ile, wasimrudishe kwake, wampeleke moja kwa moja kwa fundi wa majeneza. Daktari alikuwa anatania, lakini mama hakusikia utani. Baba naye hangeacha soko. Angekaa nyumbani afanye nini, na sisi tule nini?

Ndipo akauza ile pikipiki yake ndogo, akanunua nyingine kubwa, kuukuu, iliyokuwa ya mradi fulani wa wazungu uliofungwa. Ilikuwa nyeupe na ilikuwa na uso. Sisi tuliita uso. Ni lile kava pana la plastiki linalofunika taa na usukani, na juu yake kioo kirefu cha kukinga upepo. Ukikaa nyuma ya kioo kile upepo ulipita juu ya kichwa na kando ya mabega, kifua kikabaki na joto lake. Baba alifurahi kama mtoto. Shida ilikuwa moja tu. Vile vyuma vya kushikilia uso na kioo, mafundi wanaviita breketi, vilikuwa vimekatika zamani, na huko nyuma mtu alikuwa amefunga uso wote kwa waya na kamba za mpira wa tairi. Pikipiki ikienda polepole, uso ulitikisika. Ikikimbia, ulicheza. Na ukicheza, usukani nao ulicheza nao, kwa sababu vilikuwa vimefungwa pamoja. Kwa hivyo ukisikia mama yangu anaelezea ile pikipiki, anasema alikuwa na mume wa kuchagua kifo: akitoa kioo, kifua, akiacha kioo, barabara.

Baba aliahidi kutengeneza. Leo, kesho, wiki ijayo. Breketi za pikipiki ile hazikuwa dukani, si Kitale, si Bungoma, si Eldoret. Ilibidi atengeneze zake mwenyewe, na kutengeneza kunataka kukaa chini, na kukaa chini ndiko baba hakujua.

Asubuhi moja ya Jumamosi mama aliniamsha gizani, akanivalisha sweta mbili, akanifunga leso kichwani, akaniambia, "Enda na baba yako. Utamshikia kioo." Baba alikuwa anakaza furushi. Akanitazama, akacheka. "Huyu? Na hii mikono ya panya?" Mama hakucheka. Akasema, "Nimesema aende." Akanibeba mwenyewe, akanikalisha juu ya tangi, akachukua mikono yangu akaiweka kwenye kioo, mmoja huku na mmoja kule. "Shika hivyo. Usiachilie."

Usiachilie. Rafiki yangu, wewe ungeambiwa hivyo ukiwa na umri ule, na mama yako, gizani, kwa sauti ile, ungefanyaje? Mimi sikuachilia.

Nilishika kioo kile Jumamosi zote na likizo zote, na sikumbuki siku hata moja niliyokishika bila kuogopa. Kilikuwa kinatetemeka mikononi mwangu mpaka meno yalikuwa yanagongana. Nilijua, hakuna aliyeniambia lakini nilijua, kwamba nikiachilia kitaruka kirudi nyuma kimkate baba shingo. Au usukani utageuka wenyewe na tutaingia chini ya lori. Pua ikiwasha, iliwasha tu. Mdudu akiniingia kwa jicho, nilifumba jicho. Kikohozi cha baba kilikuwa kinanigonga kisogoni, na kila akikohoa nilifikiri, sasa ataachilia usukani, na mimi nibaki peke yangu nikiendesha hii kitu kwa viganja.

Tulipita Kiminini kukiwa na ukungu, maduka bado yamefungwa. Halafu malori ya mahindi yakaanza. Lori likija mbele, unaliona kwanza taa, halafu unasikia, halafu upepo wake unakupiga kama mlango uliofunguliwa kwa teke. Hapo ndipo kioo kilikuwa kinataka kwenda zake. Nilikuwa nasukuma kwa nguvu zote, naomba Mungu, na sikuomba maneno yoyote ya maana, nilikuwa nasema tu tafadhali, tafadhali, mpaka lori lipite. Ukishavuka Kamukuywa unaanza kukutana na trekta za miwa, zile zenye matrela mawili yanayoyumba, na miwa imejazwa mpaka inaburuta barabarani. Hizo niliziogopa kuliko malori. Lori linapita likaisha. Trekta unakaa nyuma yake unameza vumbi, ukijua kwamba mtu wa haraka kama baba hatakaa nyuma yake milele.

Lakini alikaa, ujue. Nikiwa mbele yake, alikaa. Alikohoa, akalalamika, akaitukana ile trekta pamoja na ukoo wa mwenyewe, na akakaa nyuma yake mpaka ikakunja kuingia shambani. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya kioo. Nilidhani ananihurumia mikono.

Misikhu tulifika mikono yangu ikiwa migumu, haifunguki. Baba alitandaza nguo sokoni akaanza kuita wateja, na mimi nikapewa chai ya maziwa kwa kikombe cha bati na andazi la moto, na nilikuwa nashika kikombe kwa viganja viwili kama mtu anayepokea sakramenti. Sauti ya soko ilikuwa tamu sana baada ya barabara. Kuku waliofungwa miguu, watu wakibishana bei ya suruali, mwenye kipaza sauti akiuza dawa ya panya. Mahindi ya kuchoma yakinukia. Hapo niliishi kama mtoto wa kawaida, mpaka nikaona jua linainama na baba anaanza kukunja nguo, ndipo nikaanza kunyoosha vidole vyangu, kimoja kimoja.

Siku nyingine tulilala kwa nyanya, kukhu tulivyomwita, naye aliniita hivyo hivyo, kukhu, maana kwetu nyanya na mjukuu wanaitana jina moja. Alipika ugali wa wimbi na muhogo, mweusi, na kunde zilizopikwa na maziwa. Jioni moja niliposhindwa kumega ugali, alichukua mkono wangu akauangalia kwenye mwanga wa koroboi. "Kukhu, mbona unatetemeka hivi?" Baba akajibu kwa niaba yangu, ati ni baridi. Nyanya akamtazama. Akatoa samli kidogo kwa kibuyu, akanipaka viganjani, akanisugua polepole. Nakumbuka harufu ya samli ile ilivyochanganyika na moshi, na nakumbuka nilivyotamani alale ameshika mikono yangu ili mtu mwingine ashike zamu.

Waya ulikatika siku moja tukiteremkia daraja la Kamukuywa. Lori lilipita, upepo ukagonga, nikasikia tu *twang*, na kioo kikaruka kikanipiga kidevuni. Sijui nilirudije kukishika lakini nilikishika, damu ikinitoka, na baba akasimamisha pikipiki majanini. Alizima injini. Alinishusha, akanikalisha chini, akachana kipande cha shati la mtumba akanifunga kidevu. Halafu akajaribu kuunga ule waya na mikono yake ikakataa. Sikuwa nimewahi kumwona baba akishindwa kufunga kitu. Akakaa kando yangu kwenye majani, tukatazama maji yakipita chini, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na haraka.

"Usimwambie mama yako," alisema.

Ningemficha vipi na kidevu ndicho hicho? Mama alinifungua kitambaa, akasafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akauliza swali moja tu. "Alikuwa anakimbia?" Nikamwambia hapana, tulikuwa tunaenda polepole. "Una uhakika?" Nina uhakika. "Sawa," akasema. Na Jumamosi iliyofuata akaniamsha gizani, akanivalisha sweta mbili, akaniweka juu ya tangi.

Mimi hapo nilijua mama hanipendi. Nakuambia vile nilivyohisi. Nililia kutoka nyumbani mpaka Kiminini, kimya kimya, na upepo haukunikausha machozi kwa sababu kioo kiliuzuia.

Agosti ya mwaka uliofuata tulienda Misikhu sote, mama naye, kumsaidia nyanya kuvuna maharagwe, na huko ndiko breketi zilitengenezwa hatimaye. Baba alikuwa ameshaogopa daraja lile. Alijaribu kwanza na bati la mkanda lile la kufungia masanduku, likapinda siku ya kwanza. Akatafuta chuma kigumu boma zima. Nyanya alikuwa anamwangalia tu akizunguka, akipekua, akigonga hiki na kile, mwishowe akamwambia, "Chukua kitanda cha baba yako."

Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kitanda chake cha chuma kilikuwa kimefunguliwa, kimeegemezwa ukutani ndani ya ghala, na hakuna mtu aliyekuwa anakigusa. Watoto tuliambiwa tusicheze huko. Kabla baba hajaingia na msumeno, nyanya aliingia mwenyewe na kikombe cha maji. Nilikuwa mlangoni, nikasikia. Alikuwa anaongea na kile kitanda kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyoongea na mtu anayekula. "Mzee, mtoto wako ana shida ya upepo. Anakata kitanda chako, usishtuke. Ni mimi nimempa. Usimfuate kwa balabala ukimuuliza." Akanyunyiza maji, akatoka. Baba akamwambia, "Mama, wewe si umeokoka?" Nyanya akamjibu, "Nimeokoka, lakini yule bado ni bwana yangu. Siwezi kata kitanda yake kama mwizi."

Walikuwa wanatabasamu wote wawili. Mimi sikutabasamu. Nilikuwa nimesikia kwamba babu anaweza kutufuata barabarani.

Baba alikata kadibodi ya sabuni kwanza, akaipima kwenye pikipiki, akaikata tena, mpaka akapata umbo. Mimi nilishika kioo kikiwa kimesimama wima ili apime, kazi niliyoijua. Halafu akakata vyuma virefu vya ubavuni mwa kitanda, akavitia kwenye mafiga ya nyanya mpaka vikawa vyekundu, akavipinda kwa nyundo juu ya jiwe. Cha kwanza alikitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kwa ile haraka yake. Kikalia, moshi ukapanda, na alipokigonga kidogo tu kukinyoosha kikavunjika kama biskuti. Nyanya akapiga magoti akakitazama, akasema polepole, "Amekataa." Baba akasema hakuna aliyekataa, chuma cha kitanda cha zamani ni kigumu sana, ukikipoza ghafla kinakuwa cha kuvunjika. Cha pili akakifukia kwenye jivu la moto, akalazimika kungoja. Kungoja, baba yangu. Alizunguka yale mafiga kama kuku anayetaka kutaga.

Matundu yalitobolewa na fundi wa kuchomelea pale sokoni, naye akalalamika kwamba chuma kile kimemharibia kekee. Mama alikata viduara vya mpira kutoka kwa tyubu ya baiskeli kwa mkasi wake wa kushonea, vya kuweka kati ya chuma na kioo ili kioo kisipasuke. Aliketi mlangoni akikata. Jioni baba alikaza nati ya mwisho, akasimama, akashika uso wa pikipiki kwa mikono miwili akautikisa. Pikipiki nzima ikatikisika, uso haukusonga. Jirani akaja, naye akatikisa. "Hii hata dume la ng'ombe haliwezi kutoa," akasema. Kila mtu akafurahi.

Mama alikuwa wa mwisho kuja. Akaweka kiganja chake kwenye kioo, pale pangu, akasukuma kidogo, akaona kimesimama. Uso wake ukabadilika, na haukubadilika kuwa furaha.

"Kesho uende na mtoto," akasema.

"Wa nini? Kioo si kinajishikilia sasa."

"Enda naye tu. Amezoea."

"Mama watoto, wacha mtoto apumzike. Kwani unanionea huruma mimi, na huyu humwonei?"

Mama akaokota mkasi wake, akaingia ndani.

Asubuhi baba aliondoka peke yake kwenda Kachibora. Mimi na mama tulisimama langoni. Ungefikiri nilishukuru. Nilikuwa nimeota siku ile miezi na miezi, nikilala mpaka jua litoke, mikono yangu chini ya blanketi. Lakini nilipoona tangi likienda wazi, bila mimi, nilishika lango kwa viganja viwili. Tulimsikia akiingia barabarani. Gia ya kwanza, ya pili, na kwenye ya pili hakukaa kama alivyokaa nikiwa mbele yake. Alipandisha, akapandisha tena, mlio ukawa mwembamba, ukapotelea upande wa Kamukuywa. Mama akasema chini ya pumzi, "Ameenda." Akarudi ndani.

Siku ile tulipura maharagwe. Mvua ilikuja mchana tukahamia barazani. Kila pikipiki ikipita barabarani sisi watatu tuliinua vichwa. Nyanya alikuwa anaogopa kile chuma cha kitanda, najua kwa sababu alienda ghalani mara kwa mara bila kuleta kitu. Mimi nilikuwa naogopa mikono yangu iliyokuwa haishiki kioo. Niliibana katikati ya magoti. Mama sikujua anaogopa nini. Alikuwa anapiga maganda yale kwa fimbo mpaka maharagwe yakarukia uani kwenye matope, na nyanya akamwambia mkwewe, "Mukhwasi wangu, hayo maharagwe hayajakukosea."

Jua lilikuwa limetoka tena, la jioni jioni, tulipomwona jirani anakuja kwa baiskeli, na hakuwa amekaa juu yake. Alikuwa anaisukuma. Mtu mwenye habari njema hasukumi baiskeli kwenye mteremko.

"Ameanguka," akasema. "Huku mbele ya Kamukuywa. Alikuwa anapita trekta ya miwa kwenye kona."

Mama akaketi chini, kwenye maganda. "Anaongea?"

"Anaongea. Mguu ndio umevunjika. Wamempeleka hospitali. Anauliza pikipiki."

Nililia vile sijawahi kulia. Nyanya alinishika akiniambia baba yuko hai, si umesikia yuko hai, na mimi singeweza kumwambia kwamba najua yuko hai, nalia kwa sababu niliachilia. Niliambiwa nisiachilie nikaachilia.

Pikipiki ililetwa kwa pickup ya mfanyabiashara mmoja wa soko. Watu wakakusanyika. Kioo cha pembeni kilikuwa kimeng'oka, usukani umepinda, lakini kile kioo kirefu kilikuwa kimesimama wima bila ufa, na breketi hazikuwa zimesonga hata kidogo. Watu wakawa wanazishika, wakimsifu baba na kazi yake. Mimi niliona kitu kingine. Tangi lilikuwa limebonyea ndani, limekunjika, pale ambapo nilikuwa nakaa. Nilitazama, na nikaona mama naye anatazama hapo hapo. Aliweka mkono kwenye lile shimo. Halafu akageuka akatapika nyuma ya ghala.

Mguu wa baba ulipona, ukabaki na kuchechemea. Alirudi barabarani na pikipiki ile, na kioo kile, na breketi za kitanda cha babu, na alikuwa mtu mwingine. Hata Baba Yetu alianza kuisali nasi pamoja. Mimi sikupanda tena juu ya tangi, mama hakuniamsha tena, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Niliendelea kuogopa tu nikiwa kitandani, kila Jumamosi, mpaka nikawa mkubwa nikaolewa. Barabara haikumchukua. Kifua ndicho kilichomchukua, mwaka jana, wakati wa baridi, akiwa amelala kwenye godoro lake na blanketi tatu.

Baada ya mazishi nilibaki na mama hapa Kitale wiki kadhaa. Tulikuwa tunapukuchua mahindi ya mbegu, tunaongea hili na lile, nami nikamwambia kwa utani tu, ule utani wa watu waliochoka kulia, "Mama, ile siku baba alianguka, mimi nilijua ni kwa sababu sikushika kioo."

Aliacha kupukuchua. "Kushika kioo?"

"Si ndiyo kazi ulinipa."

"Wewe," akasema, "mkono wa mtoto ungeshika nini kwa kitu inatikiswa na lori? Sikukutuma ushike kioo. Hicho nilikwambia ndio ukubali kwenda." Akachukua gunzi, akaliweka chini. "Nililia mbele ya baba yako, nikamwomba, nikamletea mchungaji. Apunguze mwendo. Hakuna kitu alisikia. Huyo mtu hakuogopa kuvunja mguu, hakuogopa kuvunja shingo, hakuogopa kuniacha mjane. Kitu moja tu aliogopa kuvunja duniani, na ilikuwa wewe. Basi nikakuweka hapo mbele."

Nilimuuliza, na kama tungeanguka wote wawili?

"Mlikuwa mkitoka nalala na viatu," akasema. "Mpaka nisikie mmerudi. Unadhani nilikuwa natoa wapi usingizi?"

Nilikasirika, sitakuficha. Niliondoka nikaenda nje nikakaa nyuma ya nyumba, pale mahindi yalipokuwa yanaanzia zamani na sasa ni plot za watu zenye mageti. Nilimkasirikia kwa kila lori, kwa kidevu changu, kwa lile tangi. Kisha nikamwona akilini, amesimama dirishani akipiga pasi shati gizani, akisikiliza barabara, akiwa na umri mdogo kuliko nilio nao leo, na hasira ikakosa pa kukaa.

Nyanya hayupo tena. Boma la Misikhu limegawanywa, ghala limebomolewa, pikipiki iliuzwa chuma chakavu pamoja na breketi zake, na barabara ya Kamukuywa imelainishwa mpaka huwezi kutambua ile kona. Mama yupo, lakini amechoka. Zamani nikisema nasafiri aliuliza na nani, kwa gari gani, mtafika saa ngapi. Siku hizi nikimwambia naondoka ananishika mkono tu, anasema, "Haya, mwende salama," na kabla sijafika getini nasikia amevua viatu na kupanda kitandani. Hakuna tena mtu anayeningoja kwa hofu, na sikujua kwamba hicho nacho ni kitu cha kutamani kikikosekana.